Bei ya Jina Jema

Msomaji, fundi wa viatu akitaka kuuza duka lake hana taabu ya kueleza anachouza. Ataonyesha cherehani, nyundo, kalibu, mafungu ya ngozi yaliyobaki, na kiti anachokalia mteja. Mnunuzi atakishika kila kitu kwa mkono wake, atakigeuzageuza, kisha atataja bei, na fundi atajibu kwa bei yake. Wakipatana, fedha zitatoka mfuko huu ziingie mfuko ule, na ufunguo utahama.

Sasa fikiri juu ya mtu ambaye kazi yake ni kuwaandikia wenzake taarifa zao za kodi ya mapato. Ofisini mwake mna meza, viti viwili au vitatu, kompyuta, na kabati la majalada. Vitu hivyo vikipigwa mnada havitafikia bei ya ng'ombe wachache. Walakini mtu huyo huweza kuambiwa na mnunuzi, "Nitakupa fedha karibu sawa na mapato ya ofisi yako kwa mwaka mzima." Je, mnunuzi huyo ananunua nini? Na mwuzaji anauza nini?

Swali hili si geni kwetu. Hapa Kenya kodi ya mapato ilianza kutozwa mwaka wa 1937, katika siku za ukoloni, na leo kila mtu mwenye namba ya kodi hutakiwa kupeleka taarifa ya mwaka uliopita kabla mwezi wa Juni haujaisha. Bila shaka umewaona watu katika siku za mwisho za mwezi huo wakimzunguka kijana mwenye kompyuta, kila mmoja ameshika karatasi zake, kila mmoja akimwambia kijana yule mshahara wake, jambo ambalo pengine hajamwambia hata ndugu yake. Lakini nchi ambayo kazi hii ilikua zaidi, ikawa na historia ndefu na masoko ya kuiuza na kuinunua, ni Marekani. Kwa hiyo nakuomba tusafiri pamoja mpaka huko, tuone kazi hii ilizaliwaje, ilikuaje, na kwa nini wale wanaoifanya kwa kujitegemea hufika siku moja mbele ya swali gumu: tuuze au tusiuze?

Wamarekani waliijua kodi ya mapato mara ya kwanza wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Sheria ya kwanza ilipitishwa mwaka wa 1861 ili kupata fedha za majeshi, na kodi yenyewe ikaachwa mwaka wa 1872, vita vilipokuwa vimekwisha zamani. Mwaka wa 1894 Bunge lilijaribu kuifufua, lakini mwaka wa 1895 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba haikupatana na katiba. Haikurudi mpaka katiba yenyewe ilipobadilishwa mwaka wa 1913. Sheria ya mwaka huo ilitoza asilimia 1 ya mapato yaliyozidi dola 3,000 kwa mtu asiye na ndoa, au dola 4,000 kwa mtu mwenye mume au mke, na matajiri wakubwa waliongezewa hadi asilimia 6 juu ya hapo. Fomu ya kwanza ilipewa namba 1040, namba inayotumika hata leo. Nayo pamoja na maelezo yake ilikuwa kurasa nne tu. Katika siku zile dola 3,000 zilikuwa fedha nyingi, ambazo mfanyakazi wa kiwandani hakuziota. Waliopeleka taarifa kwa mwaka huo wa kwanza hawakufika watu 400,000 katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 90. Matajiri hao walikuwa na mawakili wao na wahasibu wao. Mtu wa kati hakuwa na la kuuliza, na kwa hiyo hapakuwa na wa kumjibu.

Kabla hatujaendelea, liweke akilini jambo moja dogo la mwaka wa 1884, kwa maana tutakutana nalo tena mbele. Katika vita nilivyovitaja, raia wengi walipoteza farasi na mali nyingine katika utumishi wa jeshi, na baadaye wakaidai serikali fidia. Wakatokea mawakala waliowasemea watu hao mbele ya hazina ya taifa, na baadhi yao hawakuwa waaminifu. Ndipo Bunge likampa waziri wa fedha mamlaka ya kuweka kanuni juu ya mawakala wanaowawakilisha wadai mbele ya wizara yake, na kutaka wawe watu wenye tabia njema na ujuzi. Ilikuwa sheria ya farasi. Hapana aliyedhani kwamba miaka 130 baadaye majaji wangeisoma neno kwa neno ili kuamua mambo ya watu wanaoandika fomu za kodi.

Kilichoibadilisha kodi ya mapato kutoka mzigo wa wachache kuwa wajibu wa wote kilikuwa ni vita vingine, vile vya pili vya dunia. Mwaka wa 1939 waliolipa kodi hiyo nchini Marekani walikuwa kiasi cha milioni 4. Manowari, ndege na mishahara ya mamilioni ya askari vilidai fedha ambazo wachache hao hawakuweza kuzitoa. Sheria ya mwaka wa 1942 ikashusha kiwango cha mapato kinachotozwa, na sheria ya mwaka wa 1943 ikawaagiza waajiri waikate kodi katika mshahara kabla mfanyakazi hajaushika. Ilipofika mwaka wa 1945, walipa kodi walikuwa wamezidi milioni 40.

Tafakari maana ya hesabu hiyo. Katika muda wa miaka sita, seremala, mwalimu, dereva, muuguzi na mwuza maziwa wote walitakiwa kuketi mara moja kila mwaka na kujaza karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi hawakuwa na daftari. Walikuwa na stakabadhi zilizorundikwa katika sanduku la viatu. Ikawa lazima kila mtaa umpate mtu mmoja mwenye kichwa cha hesabu na ulimi mtulivu: labda mwenye duka, labda mwalimu mstaafu, labda karani aliyefungua ofisi yake mwenyewe. Watu walimjia tangu Januari mpaka mwisho wa msimu. Wakamlipa dola chache, wakaenda zao wamepumua. Hivyo ndivyo alivyozaliwa mtayarishaji wa kodi anayejitegemea. Hakuzaliwa na chuo wala na sheria. Alizaliwa na haja ya jirani yake.

Sasa nitakusimulia habari ya ndugu wawili wa mji wa Kansas City, Henry na Richard Bloch. Henry alikuwa ametumikia jeshi la anga, akaruka juu ya Ulaya katika ndege za mabomu. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1946, yeye na kaka yao mkubwa, Leon, walifungua ofisi ndogo kwa fedha za kukopa, wakifanya kazi ya kuwatunzia wafanya biashara wadogo vitabu vyao vya hesabu. Leon hakukaa sana, akaenda kusomea sheria, na Richard akaingia mahali pake. Pamoja na vitabu vya hesabu, waliwaandikia wateja wao taarifa za kodi, mara nyingine kama fadhila tu. Kazi hiyo ya pembeni ikazidi. Iliwala usiku wao na mapumziko yao. Basi mwaka wa 1954 ndugu hao wakakata shauri kuiacha kabisa, wabaki na vitabu vya hesabu peke yake.

Mmoja wa wateja wao, aliyefanya kazi katika gazeti la mji huo, hakukubali. Aliwashauri wasiiache kabla ya kuitangaza, waione kama inaweza kusimama yenyewe. Wakasita, kwa kuwa matangazo yaligharimu fedha, mwishowe wakakubali. Mwezi wa Januari 1955 tangazo lao likatoka gazetini, likieleza kwamba taarifa ya kodi itaandikwa kwa dola 5. Watu wakajaa ofisini. Kulikuwa na sababu ambazo ndugu hao hawakuzipanga. Mwaka ule ule idara ya kodi ya serikali iliacha kuwaandikia watu wa Kansas City taarifa zao bure, kama ilivyokuwa desturi. Tena sheria yote ya kodi ilikuwa imeandikwa upya mwaka wa 1954, na siku ya mwisho ya kupeleka taarifa imesogezwa kutoka tarehe 15 Machi hadi tarehe 15 Aprili. Mlango mmoja ulifungwa, na watu wakatafuta mlango mwingine. Ndugu hao wakaunda kampuni mpya kwa kazi hii tu. Waliogopa kwamba watu wangelitamka vibaya jina lao, wakaligeuza herufi yake ya mwisho; hivyo ikaitwa H&R Block.

Hapa pana funzo la kwanza. Ndugu hawa walikuwa karibu kuitupa kazi yao bila hata kuiuza, katika mwaka ambao thamani yake ilikuwa inataka kupanda kuliko wakati wowote. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na uchovu ni mshauri mbaya wa bei. Wazee wetu walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Aliyechoka hauoni hata ubora wa mbacha alioukalia.

Mwaka uliofuata, 1956, serikali iliacha kuwaandikia watu bure katika mji wa New York pia. Ndugu hao wakaenda huko, wakafungua ofisi saba, na wateja wakaja. Lakini sasa walikuwa na shida ya namna nyingine. Jamaa zao walikuwa Kansas City. Hakuna aliyetaka kuhamia New York, na ofisi isiyo na mwenyewe hulegea. Wakaamua kuuza. Waliokuwa tayari kununua walikuwa wahasibu wawili wa mji huo, ambao hawakuweza kulipa bei yote waliyotajiwa. Mwishowe wakapatana hivi: wanunuzi watoe dola 10,000, na baada ya hapo waendelee kutoa sehemu ndogo ya mapato ya kila mwaka.

Mapatano haya yaliyofanywa kwa sababu ya upungufu wa fedha yalibadili historia ya kazi hii. Ndugu hao waligundua kwamba mtu aweza kuuza ofisi bila kuliuza jina. Aweza kumkabidhi mwingine meza na wateja, kumruhusu atumie jina kwa masharti, na kila mwaka apokee fungu lake. Kwa njia hiyo kampuni yao ilienea mji kwa mji, na mwaka wa 1962 ikaanza kuuza hisa zake kwa watu wote. Watayarishaji wadogo, ambao hapo kwanza walishindana na jirani tu, sasa waliona ofisi yenye jina kubwa ikifunguliwa ng'ambo ya barabara.

Pengine utadhani kwamba wadogo walikwisha. Hawakwisha. Mteja wa mtayarishaji mdogo hakumfuata kwa sababu ya tangazo. Alimfuata kwa sababu mtu huyo alimwandikia baba yake, alijua kwamba mtoto wa pili ni mgonjwa na gharama zake huhesabiwa, alijua mwaka ambao shamba liliuzwa na kwa nini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, miaka ilipopita, ulikuja mshindani mwingine ambaye hakufungua ofisi ng'ambo ya barabara, bali aliingia ndani ya nyumba: kompyuta.

Katika jimbo la Virginia alikuwako mtayarishaji aliyeitwa Mel Jackson, mwenye ofisi chache katika miji ya pwani. Mwaka wa 1982 alizinunua ofisi hizo John Hewitt pamoja na wenzake waliochanga fedha. Hewitt alikuwa ameifanyia kazi H&R Block kwa zaidi ya miaka 10, kisha akaondoka; yeye na baba yake walikuwa wameunda programu ya kompyuta ya kuandika taarifa za kodi wakati ambapo ofisi nyingi zilitumia kalamu na mashine ndogo ya hesabu. Alihitaji mahali pa kuitumia na wateja wa kuanzia. Alichokosa kilikuwa tayari mikononi mwa Jackson: watu waliokwisha zoea kuja.

Tazama jambo ambalo mnunuzi alifanya baadaye. Alipoipa kampuni jina jipya, hakulifuta jina la aliyemwuzia. Aliiita Jackson Hewitt, jina la mwuzaji likitangulia. Ofisi ziliongezeka mpaka zikawa mamia kwa mamia, na mwaka wa 1998 kampuni ilinunuliwa na shirika kubwa kwa zaidi ya dola milioni 400. Mamilioni ya Wamarekani wamepita chini ya kibao chenye jina la Jackson bila kujua Jackson alikuwa nani. Je, aliuza mapema mno? Hesabu ya fedha itasema ndiyo. Lakini programu ilikuwa ya Hewitt, na jasho la kueneza lilikuwa la Hewitt na wenzake. Ofisi zile zingebaki mikononi mwa Jackson, hakuna awezaye kuapa kwamba zingezaa vivyo hivyo. Mche mmoja hukua kwa namna mbili katika mashamba mawili. Mwuzaji mwenye haki hupima bei kwa kile alichokuwa nacho na kwa kile ambacho yeye mwenyewe angeweza kukifanya, wala hajilaumu kwa matunda ya jembe la mwingine.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuja mbiombio. Mwaka wa 1986 serikali ilijaribu kupokea taarifa kwa njia ya umeme badala ya karatasi. Ilianza na watayarishaji watano tu, katika sehemu tatu, yaani Cincinnati, Phoenix na Raleigh-Durham, na taarifa kiasi cha 25,000 zikapelekwa hivyo. Mwaka wa 1990 mlango huo ulifunguliwa nchi nzima. Katika miaka hiyo hiyo zilitokea programu ambazo mtu huzinunua akajiandikia taarifa yake nyumbani. Iliyojulikana zaidi, TurboTax, ilichukuliwa na kampuni ya Intuit mwaka wa 1993. Mtayarishaji aliyekuwa na miaka 55 wakati huo alikuwa na njia mbili: ajifunze chombo kipya kila mwaka, au amtafute kijana wa kumrithi.

Kisha likaja jaribio kutoka serikalini. Ilionekana kwamba baadhi ya waandishi wa kodi walikuwa wakiwadhuru wateja, wengine kwa ujinga, wengine kwa hila, na kwamba katika sehemu kubwa ya nchi mtu yeyote aliweza kuweka meza na kuanza kazi bila kuulizwa amesoma wapi. Mwaka wa 2011 idara ya kodi ilitoa kanuni: kila mtayarishaji anayelipwa awe na namba yake, na wale wasio mawakili wala wahasibu waliothibitishwa wafanye mtihani, kisha wasome masomo ya nyongeza kila mwaka. Nia ilikuwa njema. Lakini watayarishaji wadogo walipiga hesabu ya ada, muda na usumbufu, wakahofu kwamba mzigo ambao kampuni kubwa ungeubeba kwa mkono mmoja ungewavunja wao mgongo. Mwaka wa 2012 watatu kati yao, mmoja akiwa Sabina Loving wa Chicago, waliishtaki idara ile.

Hapo ndipo farasi wa mwaka wa 1884 walipofufuka. Idara ilidai kwamba mamlaka yake imetoka katika sheria ile ya zamani, ya mawakala wanaowawakilisha watu mbele ya wizara ya fedha. Wadai wakajibu kwamba anayemsaidia mtu kujaza fomu hamwakilishi mbele ya yeyote. Yeye huandika tu, na mwenye taarifa ndiye hutia sahihi. Mahakama ilikubaliana nao mwezi wa Januari 2013, na mahakama ya rufani ikathibitisha hivyo mwezi wa Februari 2014. Mtihani wa lazima ukaondoka, ingawa wajibu wa kuwa na namba ulibaki. Angalia vema: majaji hawakusema kwamba mtihani ni kitu kibaya. Walisema kwamba mamlaka hayachukuliwi pasipo sheria. Swali la jinsi ya kumlinda mteja dhidi ya mwandishi mbaya, bila ya kumponda mwandishi mwema aliye mdogo, lilibaki pale pale.

Sasa, msomaji, tumekwisha kupata mwanga wa kutosha kurudi kwenye ofisi ile tuliyoanza nayo, yenye meza na kabati. Mwenyewe amekuwa mtu mzima. Watoto wake wamechagua kazi nyingine. Mnunuzi amekuja. Mambo gani huingia katika mizani?

Kwanza ni bei. Desturi katika kazi hii ni kuanzia na mapato ya mwaka mmoja ya ofisi, kisha kupanda au kushuka kwa kutazama hali: wateja ni wa namna gani, umri wao, ada wanazolipa, na kama wameizoea ofisi au wamemzoea mtu. Jambo hili la mwisho ndilo zito. Wakiwa wameizoea ofisi, mnunuzi atalipa kwa moyo mkunjufu. Wakiwa wamemzoea mtu, mnunuzi ataogopa kwamba mtu akiondoka, nao wataondoka kama nyuki wanaomfuata malkia. Ndiyo maana mara nyingi fedha hazilipwi zote siku moja. Sehemu hutolewa mwanzo, na sehemu hungoja ionekane ni wateja wangapi wamerudi msimu unaofuata. Ndiyo maana pia mwuzaji huombwa akae msimu mmoja zaidi, awatambulishe wateja kwa mgeni. Na hutakiwa kuahidi kwamba hatafungua ofisi nyingine karibu kwa miaka kadhaa.

Pili ni siri. Katika lile kabati mna mishahara ya watu, madeni yao, talaka zao, magonjwa yao, na sadaka walizotoa bila kutangaza. Tangu mwaka wa 1971 sheria ya Marekani imeweka adhabu juu ya mtayarishaji anayetoa habari za taarifa ya mteja au kuzitumia kwa jambo jingine pasipo idhini. Kanuni zake humruhusu kukabidhi orodha ya wateja pale tu anapoiuza kazi yenyewe, wala si kuichuuza orodha hiyo peke yake kama bidhaa. Kwa maneno mengine, sheria inakubali kwamba amana ihamishwe kutoka mlinzi hadi mlinzi, lakini haikubali igeuzwe kuwa samaki wa sokoni.

Tatu ni watu wenyewe. Mteja si ng'ombe wa zizini, auzwe pamoja na zizi. Ana miguu yake. Asipomwamini mlinzi mpya ataondoka, na hiyo ni haki yake. Basi tukilitazama jambo hili kwa uangalifu, tunaona kwamba anayeuza ofisi kama hii hauzi wateja, kwa kuwa si mali yake. Anachouza ni neno lake. Anasimama mbele ya watu waliomwamini miaka mingi na kusema, "Huyu naye mwaminini." Bei yote ya ofisi imesimama juu ya sentensi hiyo fupi. Kama anamjua mnunuzi kuwa mtu stadi na mwenye kutunza siri, sentensi hiyo ni kweli na fedha ni halali. Kama anajua kwamba mnunuzi ni mzembe, au hakujisumbua kumpeleleza kwa kuwa bei ilikuwa tamu, ameuza kitu ambacho hakukijenga peke yake, na aliyepata hasara hakuwapo wakati wa kuandikiana.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuuza ni vibaya au kutouza ni vema. Ndugu wa Kansas City waliuza New York kwa sababu ya kuyapenda makwao, na hawakumdhulumu mtu. Jackson aliuza kwa mtu mwenye chombo kipya, na jina lake likaheshimiwa. Wako pia wanaokataa kila mnunuzi na kungoja mpaka macho yanafifia na makosa yanaingia katika fomu. Hao hudhani wanawatunza wateja wao, kumbe wanawaponza. Kushikilia kupita wakati ni namna nyingine ya kuivunja amana. Lililo jema ni kuuza kabla ya uchovu haujawa mshauri, kumchagua mrithi kabla ya kutaja bei, na kukaa naye mpaka watu wamemjua.

Kijana msomaji, huenda usiwe mwandishi wa kodi. Lakini utakuwa na kazi, na katika kazi hiyo watu watakuamini: wagonjwa wako, wanafunzi wako, wanunuzi wako, au jirani aliyekuachia ufunguo. Mwezi wa Juni ujao, ukimwona yule kijana mwenye kompyuta amezungukwa na watu wenye karatasi zao, mtazame vizuri. Kompyuta yake inaweza kununuliwa mjini siku yoyote. Lakini yule mama aliyepita mbele ya vijana wengine watatu wenye kompyuta kama ile ile, akaja kusimama kwenye foleni yake, hakununuliwa popote. Alikuja kwa sababu mwaka jana aliandikiwa kwa usahihi, na siri yake haikusikika mtaani. Siku kijana huyo atakapoondoka, afikiri kwanza ni nani atakayemwachia mama huyo.